Mzee Rolandi na Kontena Lililokwisha Kufungwa

Mmenipa saa ya ukutani ya kuniaga kazini. Nawashukuru, ingawa sijui mnataka niitumie kuwahi wapi. Pamoja na saa mmeniomba niwaandikie kazi ilivyokuwa kabla yenu, na hilo nimelipenda zaidi, maana nimewasikia ghalani mkisema kwamba zamani kupakia kontena kulikuwa rahisi. Haya, kaeni chini. Habari za vyeo na mishahara sitaziandika. Hazina utamu, na nyingine zitanipandisha presha bure.

Nilikuja Guangzhou kufanya biashara yangu mwenyewe. Nilitoka Singida na mtaji wa nguo za watoto, nikatua uwanja wa ndege wa Baiyun nimevaa koti zito la kuazima kwa sababu mtu alinidanganya kwamba China yote ni baridi. Nilitoka uwanjani nikitiririka jasho. Biashara ile ilinishinda mapema, kwa kuwa nilinunua nilichokipenda mimi badala ya kile watu wa Singida wanachovaa. Lakini nilikuwa nimejifunza kubishana bei kwa Kichina. Nikisema "tai gui le", yaani ghali mno, nilikuwa nasema kwa uchungu wa kweli, na laoban mwenye duka alikuwa akipunguza ili niondoke. Mwenye ofisi yetu ya mizigo alinisikia siku moja sokoni akanipa kazi papo hapo.

Siku ya kwanza ghalani nilikabidhiwa kisu cha katoni, tepu, na kopo la rangi ya kuchorea alama za wenye mizigo. Nikaambiwa nikague viatu vya mteja wa Mwanza. Nilifungua katoni ya juu kabisa, nikakuta viatu vizuri, nikaifunga nikaridhika. Nyuma yangu mtu akasema kwa Kiswahili cha Dar es Salaam, kila neno limepigwa pasi:

"Binti, hiyo ya juu imewekwa pale ili uione. Nitolee ya katikati."

Nikageuka nikakuta Mzungu mrefu, mzee tayari, shati jeupe lina kisu cha katoni mfukoni mahali wengine wanapoweka kalamu. Nikatoa katoni ya katikati. Ndani mlikuwa na viatu vya mguu wa kushoto vitupu. Yeye hakucheka, ila mimi nilicheka kwa hofu, na kuanzia siku hiyo sikufungua tena katoni ya juu. Ninyi mnafungua za juu. Nawaona.

Huyo ndiye Mzee Rolandi. Jina lake la Kiingereza lilikuwa refu na wafanyabiashara walilikata likabaki hilo. Alikuwa Mwingereza, mtoto wa muuza samaki wa kukaanga kwenye mji mdogo wa pwani ya kwao. Alifanya kazi benki ya London, kazi ya kukopesha watu kwa dhamana ya mizigo iliyoko baharini. Aliniambia kwamba ujana wake wote alikopesha kwa ajili ya pamba, kahawa na chai ambayo hakuwahi kuitia machoni, na jambo hilo lilimkera mpaka uzeeni. Benki ilimpeleka Dar es Salaam miaka kadhaa, akajifunza Kiswahili kwa majirani na wauza kahawa. Mkewe alipofariki, wenzake wa rika lake walistaafu wakaanza kupanda mawaridi. Yeye akaja huku.

Kazi yake ilikuwa rahisi kueleza. Mfanyabiashara mdogo anataka mzigo na hana pesa zote. Rolandi anamlipa mwenye kiwanda, mzigo unasafiri, ukiuzwa nyumbani anarudishiwa pesa yake na faida kidogo. Sharti lake lilikuwa moja, lazima aushike mzigo kwa mkono wake kabla ya kulipa. Alikuwa anapanda ngazi za soko la vitambaa la Zhongda, ghorofa kwa ghorofa, goti moja bovu, fimbo mkononi, kwenda kushika kitambaa cha mama mmoja wa Kahama. Wauzaji walimjua. Walipomwona walianza wenyewe kutoa majora ya katikati.

Kwa sababu watu walimwamini na pesa, walimtwika na mengine. Wakamchagua mwenyekiti wa kamati ya wenye mizigo, Watanzania na Wakenya, Wakristo na Waislamu, kila mtu na kelele zake. Mimi nikawa mkalimani wake. Majirani wa ghala walipolalamika kwamba sauti ya tepu inawanyima usingizi wa mchana, tulikwenda ofisi ya mtaa tukakubaliana muda wa kunyamaza. Mtu akilazwa hospitali, Rolandi yuko pale na machungwa. Ukumbi wa kusalia Jumapili yeye aliuhangaikia, na ukumbi huo huo Waislamu wakafuturu Ramadhani. Aliomba mpaka watu wakachoka kumkatalia. Mtumishi mmoja wa ofisi ya mtaa alikuwa anasema "bu xing", haiwezekani, kabla hatujakaa, na Rolandi anakaa tu na kumuuliza habari za mama yake.

Sasa niwaambie ilikotoka ile sheria mnayoilalamikia.

Mnajua kontena letu moja linabeba mizigo ya watu kumi au zaidi. Likijaa, milango inafungwa na kupigwa sili, kile chuma chenye namba, na lori linalipeleka bandari ya Huangpu kusubiri meli. Zamani mfanyabiashara mkubwa akiwa na haraka alikuwa anamwomba wakala alifungue tena ili achomeke katoni zake. Siku moja kontena likafunguliwa hivyo bandarini, na ili kupata nafasi wakateremsha katoni za kijana mmoja aliyeitwa Njoroge, Mkenya wa Nairobi aliyekuwa na duka la redio Arusha, ndiyo maana mzigo wake ulipitia Dar pamoja na wetu. Walipomaliza wakasahau kuzirudisha. Mvua ikazinyeshea usiku kucha. Njoroge hakuambiwa mpaka kontena lilipofika na yeye akakosa mzigo wake.

Rolandi aliitisha kikao ukumbini na hakukaa kitini hata dakika moja. Hapo ndipo tulipokubaliana: kontena likishapigwa sili, halifunguliwi mpaka kila mwenye mzigo ndani yake, hata mwenye robota moja, akubali kwa mdomo wake mwenyewe. Mmoja akikataa, limekataa. Wakubwa walinuna. Walionuna zaidi ndio waliokuwa wanakopeshwa na Rolandi, na aliwaacha wanune.

Miaka ikapita, sheria ikakaa, na hakuna aliyeijaribu sana. Mpaka Dorcas.

Dorcas alikuwa mama kijana wa Mbeya, mwembamba, mwepesi wa kucheka, anayeimba sauti ya pili huku anafunga marobota. Mwaka ule alipata oda yake kubwa ya kwanza, kitambaa cha sare za kwaya za makanisa ya kwao kwa ajili ya tamasha la Krismasi. Kijani kibichi. Alikinunua Zhongda kwa mikupuo miwili, kwa sababu mara ya kwanza duka lilipungukiwa. Rolandi alilipa. Mzigo ukapakiwa, milango ikafungwa, sili ikapigwa, kontena likaenda Huangpu.

Asubuhi iliyofuata Dorcas alikuja ofisini kwangu, vipande viwili vya kitambaa mkononi. Kila akinunua alikuwa anakata kipande cha sampuli.

"Dada Witness, njoo nje. Njoo uone nje."

Tukatoka barabarani. Ndani ya ofisi vilikuwa kijani kimoja. Nje, kwenye mwanga wa mchana, kimoja kilikuwa kijani na kingine kimeingia bluu. Hili ni kosa letu sisi watu wa vitambaa, na nitalirudia mpaka mnichoke: maduka ya Zhongda yako ndani kwa ndani, yana taa tu, na chini ya taa zile rangi mbili zinakaa kama mapacha. Majora ya mkupuo wa pili yalitiwa rangi siku nyingine. Rolandi alikuwa ameyashika, Dorcas alikuwa ameyashika, na hakuna aliyekumbuka kuyatoa juani.

"Kwaya itasimama uwanjani," Dorcas akasema. "Juani, Dada. Nusu hivi, nusu hivi. Watasema nimewauzia makombo. Nani ataniagiza tena?"

Nikampigia laoban wa duka. Alipiga kelele, akasema "mei you", hana, kisha akakiri kwamba kiwandani yamebaki ya mkupuo wa kwanza. Atabadilisha, ila aletewe majora mazima yenye lebo zake. Na majora yalikuwa ndani ya kontena lililofungwa.

Tuliwapigia wenye mizigo wote. Wengine walikubali kabla sijamaliza kueleza. Wengine walilalamika kidogo, kwa kuwa kufungua ni kukosa meli ile na kusubiri inayofuata, kisha wakakubali kwa ajili ya Dorcas. Mmoja akakataa. Ni Njoroge.

"Sista, hapana," alisema kwenye simu. "Hizo redio na spika ni za Krismasi. Zikichelewa nimekwisha. Halafu wewe unajua sababu." Akakata.

Dorcas alikaa kwenye kiti cha wateja akalia bila sauti. Kisha akanitazama. "Wewe ndiye wakala. Bandarini wanakusikiliza wewe. Piga simu moja tu, litarudi."

Ilikuwa kweli. Nilikuwa nimeshika simu, na nasema wazi kwamba kidole changu kilikuwa juu ya namba. Nilimpenda yule mama. Rolandi aliingia wakati huo, akatuangalia wote wawili, akaelewa.

"Witness, iweke chini hiyo simu."

"Mzee, wote wamekubali. Amebaki mmoja."

"Basi hawajakubali wote. Chukua mwavuli, twende kwa huyo mmoja."

Dorcas alisimama. "Mzee, Njoroge umemkopesha wewe. Mwambie umeghairi. Mwambie alete pesa yako kesho. Atafungua mdomo akubali."

"Najua atafungua," Rolandi alisema. "Ndiyo maana sitamwambia."

Tulimwacha Dorcas amesimama na vipande vyake. Njiani, ndani ya treni ya chini ya ardhi, nilikuwa na hasira na Rolandi mpaka sikumsemesha. Yeye alikuwa anasugua goti lake.

Siku hizo Njoroge alikuwa na kibanda cha vifaa vya umeme hapa hapa Guangzhou, kwenye jengo lenye vibanda mia vinavyofanana. Alipotuona alianza kupanga chaja ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

"Mzee, karibu. Lakini kama ni ile stori, jibu ni lile lile. Hiyo sheria mliitunga juu yangu mimi. Leo mnataka niivunje juu ya Dorcas?"

"Sitaki uivunje. Nimekuja kuifuata. Inasema nije nikuombe."

"Na nikikataa?"

"Utakuwa umekataa."

"Halafu kesho utataka doo yako yote, si ndio? Nakujua, hata ninyi wa benki ni wale wale."

"Deni letu lina siku yake. Siku hiyo haijabadilika, useme ndiyo au useme hapana."

Njoroge alimtazama usoni, anatafuta mtego. Hakuuona. Rolandi akavuta kiti kidogo cha plastiki akakaa. Wateja wakaja, wakauliza bei, wakaenda. Alikuwa amekaa tu. Mimi nilisimama na mwavuli wangu kama mtu aliyepotea njia. Mwishoni Njoroge akashindwa kuvumilia.

"Unangoja nini, Mzee?"

"Nangoja uniambie unaogopa nini. Krismasi umeshaniambia. Kuna kingine."

Njoroge aliacha chaja. "Uliziona zile redio zangu zilipofika? Zilikuja na meli ya pili, katoni zimevimba. Nilifungua moja mbele ya kastoma, maji yakamwagika juu ya kaunta. Watu walicheka. Nikauza pikapu ya babangu nirudishie watu pesa, na hakuwahi kuniuliza kwa nini. Alitembea kwa miguu mpaka akafa." Akazirudia chaja zake. "Kila siku nawaza, kama ningekuwa pale nizihesabu zikitoka na kurudi. Tu hivyo."

Hasira yangu yote iliisha pale. Nilikuwa nimefikiri ni roho mbaya.

"Nitasimama mlangoni mwa kontena," Rolandi akasema. "Kila katoni yako itapita mikononi mwangu ikitoka, na itapita mikononi mwangu ikirudi. Sitaondoka mpaka sili mpya ipigwe."

Njoroge aliangalia fimbo, akaangalia goti. "Mzee, wewe hata foleni ya supu ya tambi inakushinda."

"Nitasimama."

Alisema hivyo kwa upole kabisa, na sote wawili tulijua kwamba atasimama mpaka aanguke. Njoroge akajifuta uso kwa kitambaa cha kufutia simu.

"Sawa. Nitakuja mwenyewe. Na kamati ilete turubai. Jipya, si zile zenu za mashimo. Na ikinyesha tone moja ndani ya katoni yangu, sitamwongelesha mtu yeyote hapa Guangzhou tena."

Siku ya kufungua, Huangpu ilikuwa na manyunyu. Turubai lilikuwa jipya, nililinunua mimi mwenyewe na nililijaribu kwa ndoo ya maji. Mfanyakazi wa bandari alileta mkasi mkubwa wa kukatia sili, na Rolandi akamwomba ampe Njoroge. Njoroge alikata. Rolandi akasimama mlangoni kama alivyoahidi, na Njoroge akamletea kreti akalie, akakataa, wakagombana kwa adabu, mwishoni akaegemea kreti bila kukalia na kila mmoja akajiona ameshinda. Katoni zilitoka zikapita mikononi mwake moja moja. Dorcas na mimi tulivuta ncha za majora nje ya turubai, kwenye mwanga, tukatenganisha kijani na kijani kinachodanganya. Tulikuwa tumelowa na tulikuwa tunaimba, maana Dorcas hawezi kufanya kazi kimya.

Majora yalibadilishwa. Kontena likapakiwa upya, sili mpya ikapigwa, likaondoka na meli iliyofuata. Njoroge alikosa wiki za mwanzo za msimu na hakunyamaza juu ya jambo hilo kwa miaka. Kila kikao alilitaja. Tulizoea.

Nataka mjue kilichosemwa kwenye gari tulipokuwa tunarudi kutoka bandarini. Nilimuuliza Rolandi kile nilichokuwa nimekibana tangu kibandani.

"Mzee, kama angekataa mpaka mwisho?"

"Kontena lingeondoka lilivyo."

"Pamoja na kitambaa kibaya?"

"Pamoja na kitambaa kibaya. Na pesa yangu ndani yake."

Dorcas alikuwa kiti cha mbele. Aligeuka taratibu.

"Mimi ningekuchukia, Mzee. Nakwambia kweli. Ningekuchukia maisha yangu yote."

"Najua," Rolandi alisema. "Na ningeumia, kwa sababu nakupenda kama mwanangu. Lakini siku moja mtu mkubwa atataka kuteremsha mzigo wako, Dorcas, na mimi sitakuwepo."

Dorcas aligeuka tena. Alitazama mbele mpaka tulipofika mjini.

Mzee Rolandi alifariki hapa hapa Guangzhou, moyo ulichoka. Mpwa wake alikuja kutoka Uingereza, kijana mpole, akashangaa kukuta ukumbi umejaa watu wasioweza kulitamka jina la ukoo wa mjomba wake wakilia kama wamefiwa na baba. Njoroge alibeba picha. Nililia sana siku ile na sioni haya kuandika. Baada yake wenyeviti walibadilika, wengine wazuri, wengine wa kupiga picha. Sasa ni Dorcas, na mnamjua, ana ofisi na wafanyakazi na sauti ya kuamrisha.

Haya yaliyobaki ni ya wiki yangu ya mwisho kazini, na ninyi mlikuwa likizo. Kontena lilikuwa limeshafungwa, liko Huangpu. Ikagundulika kwamba mashine za kushonea za mteja mmoja zimepakiwa za aina asiyoagiza, na zisipotolewa atapoteza oda ya kiwanda kizima. Niliwapigia wote. Wakakubali, isipokuwa Zuhura, yule binti mgeni wa Mombasa mwenye robota moja tu la mashuka ya jamaa zake wa Dar. Hana anayemfahamu hapa, ameambiwa na mama yake asikubali mzigo wake uguswe, na hakubali. Nilimpigia Dorcas nimwambie. Nyuma yake nilisikia treni ya chini ikitangaza kituo.

"Niko njiani kwake, Dada."

"Na akikataa?"

"Litaondoka lilivyo."

Alikaa kwa Zuhura tangu asubuhi mpaka wakafunga mlango wa jengo. Binti alikataa. Kontena liliondoka na sili yake, na zile mashine zilikuwa za Dorcas.